Nishani Nne za Baharia William Hall

Ndugu msomaji, mara nyingi tuonapo nishani kifuani pa mzee, hutosheka kusema kwamba huyu alikuwa shujaa, kisha tukapita. Hatuulizi alimpigania nani, wala baada ya vita alienziwa na nani. Maisha ya baharia William Hall yanatufundisha kuuliza yote mawili.

Hall alizaliwa Nova Scotia, nchini Kanada, katika miaka ya 1820. Wazazi wake, Jacob na Lucy, walikuwa wamekimbia utumwa Marekani wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1812 baina ya nchi hiyo na Uingereza. Mwaka 1852 kijana wao alijiunga na Jeshi la Majini la Uingereza, akalitumikia hadi 1876. Katika Vita vya Crimea alishushwa pwani pamoja na wenzake kupiga mizinga, akapata nishani mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Uturuki.

Mwaka 1857 manowari yake, Shannon, iliamriwa kwenda Calcutta, kwa kuwa Wahindi walikuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Waingereza. Mabaharia walishuka na mizinga yao, wakaikokota hadi Lucknow. Tarehe 16 Novemba, mbele ya ukuta mnene wa Shah Najaf, wapiga mizinga walianguka mmoja baada ya mwingine. Kwenye mzinga wa Hall wakabaki wawili tu: yeye na afisa wake, Luteni Thomas Young. Kila mzinga uliporudi nyuma kwa kishindo, waliusukuma mahali pake, wakaushindilia na kuupiga tena, mpaka ukuta ukatoboka.

Hall alipewa nishani ya vita vya India na, mwaka 1859, Victoria Cross, iliyo kuu kwa ushujaa vitani. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Ushujaa huo haukanushiki. Lakini tazama kinaya chake: mwana wa waliokimbia utumwa alitumwa kuwarudisha wengine chini ya nira. Wahindi wengi huviita vita vile vita vyao vya kwanza vya uhuru.

Na malipo yake je? Alipostaafu, Hall alirudi kwao kulima shamba pamoja na dada zake. Alipofariki mwaka 1904, alizikwa bila heshima za kijeshi, katika kaburi lisilo na alama. Ilipita miaka 41 kabla mabaki yake hayajahamishiwa Hantsport, ambako mnara wa ukumbusho ulizinduliwa mwaka 1947. Leo manowari ya Kanada inaitwa kwa jina lake.

Msomaji, huenda kwenu imo sandukuni nishani ya babu aliyepelekwa Burma na jeshi la KAR. Itoeni, muwasimulie watoto alikotumwa, na nani, na kwa faida ya nani. Kisha mwende mkapalilie kaburi lake. Heshima hiyo haingoji amri ya serikali yoyote.