Chotara ni Nusu ya Nini?

Katika sanduku la maswali tunalopitisha mashuleni huku Serengeti, maswali mengi yanajirudia: hedhi, chunusi, ndoto nyevu, mapenzi. Safari hii, kutoka shule moja karibu na Morotonga, imetoka karatasi isiyofanana na nyingine. Aliyeandika ni msichana wa kidato cha pili. Mama yake ni Mkurya. Baba yake ni Mzungu aliyekuja huku kikazi, akaondoka yeye akiwa bado ananyonya. Shuleni anaitwa "Mzungu". Nyumbani kwa babu, ambako ndiko anakoishi, bibi na mama zake wadogo wanamwambia Desemba ikifika itabidi naye atahiriwe "ili awe Mkurya kamili". Mwisho anauliza: "Mimi ni nani? Na nikikataa nitakuwa nani?"

Mpenzi msomaji, hata kama wewe si chotara, usiruke ukurasa huu. Darasani kwako inawezekana yupo mmoja, au yupo ambaye baba ni Mjaluo na mama ni Mwikoma, naye anachekwa pande zote mbili. Tuanze na ngozi, maana ndiyo watu wanayoiona kwanza.

RANGI INATOKA WAPI?

Ngozi ya kila binadamu, awe wa Nyamongo au wa Norway, ina seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya seli hizo karibu inalingana kwa watu wote. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa. Na kiasi hicho hakiamuliwi na jeni moja, ni jeni nyingi kwa pamoja. Mtoto anapata nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba, lakini siyo nusu ile ile kila mara. Ni kama kuchota punje kwenye magunia mawili ukiwa umefumba macho: kila mtoto anachotewa upya. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja anaweza kuwa maji ya kunde, mwingine mweusi, mwingine mweupe, na wote ni halali yao.

Hapa niseme jambo. Wapo akina mama wanaopigwa kwa sababu mtoto kazaliwa mweupe, ati kamzaa nje. Watoto wengi wachanga wanazaliwa weupe kuliko watakavyokuwa, rangi inakolea kadiri wiki na miezi inavyopita. Kumpiga mtu kwa sababu ya rangi ya kichanga ni ujinga juu ya ukatili.

Pia usichanganye uchotara na ualbino. Mwenye ualbino amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni inayozuia melanini isitengenezwe vya kutosha, na wazazi hao wanaweza wote kuwa weusi kabisa. Yeye anahitaji kulindwa na jua kila siku, kwa kofia pana na mikono mirefu, maana saratani ya ngozi inamnyemelea. Chotara mweupe naye anaweza kuungua akishinda shambani, kwa hiyo kofia haimdhuru, ila hali yake siyo ile.

Je, ngozi nyeupe ni ya Ulaya na nyeusi ni ya Afrika? Siyo hivyo bwana. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kupima ngozi na jeni za watu wa Ethiopia, Botswana na hapa hapa Tanzania. Walikuta aina za jeni zinazoifanya ngozi iwe nyeupe na zinazoifanya iwe nyeusi, zote zimekuwepo Afrika tangu zamani mno, nyingine kabla hata ya binadamu wa leo kutokea. Nyuma zaidi, mwaka 1972, mwanabayolojia Richard Lewontin alikuwa amekwisha kupiga hesabu akaona takriban asilimia 85 ya tofauti za urithi kati ya binadamu zinapatikana ndani ya jamii moja moja, siyo kati ya "rangi" moja na nyingine. Maana yake nini? Wewe na jirani yako wa Morotonga mnaweza kutofautiana mambo mengi ambayo hayaonekani, ila kwa kuwa hayaonekani hakuna anayewatania.

Kwa hiyo mtu akikwambia chotara ana "damu nyepesi", au ana akili za kizungu, mwambie akapime. Damu ina makundi A, B, AB na O, na makundi hayo yapo Mugumu na yapo London.

MAJINA TULIYOPEWA

Kiswahili kina maneno kadhaa ya mtu huyu. Chotara ndilo la kawaida. Hafukasti lilikuja na Waingereza. Suriama ni la pwani, nalo linatokana na suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Ukilisikiliza vizuri unaona linamtaja mama kabla ya kumtaja mtoto, tena linamtaja kwa unyonge wake. Mpaka leo chotara akitaniwa, mara nyingi anayetukanwa ni mama: "Mama yako alikuwa anazurura kwenye mahoteli ya watalii." Hivi unamjua? Ulikuwepo?

Na watu wa pwani wenyewe wamechanganyika siku nyingi. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya vipimo vya mifupa ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita katika miji ya Waswahili, ikiwemo Kilwa na Mtwapa. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na asili ya Uajemi upande wa baba, na mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Lugha unayosoma sasa hivi imelelewa na watu wa namna hiyo.

Walioligeuza jambo hili kuwa kesi ni watawala. Mwaka 1906 Wajerumani walipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wenyeji katika koloni lao hili. Watoto hawakuacha kuzaliwa. Kilichozuiwa ni ndoa ya wazazi wao. Wabelgiji walikwenda mbali zaidi. Huko Kongo, Rwanda na Burundi waliwachukua machotara kutoka kwa mama zao Waafrika wakawapeleka misheni, kama ile ya Save nchini Rwanda, wakae mbali na pande zote mbili. Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi mwaka 2019. Wanawake watano waliozaliwa Kongo, waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende huko Kasai, hawakutosheka na radhi. Walikwenda mahakamani wakiwa bibi wa zaidi ya miaka 70, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema walichotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru walipwe fidia. Kosa lao hao watoto lilikuwa rangi tu.

Sisi hapa tuliponea chupuchupu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa katakata uraia kupimwa kwa rangi, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Fikiria angekubali: yule binti wa karatasi leo angekuwa mgeni kijijini kwa mama yake. Hata kabila, sensa ya mwisho kuliuliza ilikuwa ya 1967.

NA MILA YETU INASEMAJE?

Sasa nirudi kwa dada yangu. Anaambiwa Ukurya wake haujakamilika. Hebu tuitazame mila yenyewe, siyo maneno ya jikoni.

Wakurya wana nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mtu mzima mwenye ng'ombe, anatoa mahari na kuoa binti. Binti anazaa na mwanamume wa nje, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Wanaitwa kwa jina la pale, wanarithi pale. Mwanamume aliyewazalisha hana dai. (Siisifii nyumba ntobhu. Wapo wasichana wadogo walioozwa kwa njia hiyo bila kupenda, na hiyo ni makala ya siku nyingine.) Ninachotaka uone ni kwamba mila hiyo haimpimi mtoto kwa damu. Inamhesabu kwa nyumba. Vivyo hivyo ng'ombe wasipotoka, mtoto anakuwa wa nyumba ya babu mzaa mama. Wewe dada umezaliwa na binti wa nyumba ile, hakuna ng'ombe aliyetoka, umelelewa pale, unasema Kikurya, unachota maji ya pale. Nyumba unayo. Hakuna nusu iliyobaki kujazwa.

Kukeketwa basi kunaongeza nini? Ukoo hakukuongezei. Nayajua maneno, asiyekeketwa anaitwa msagane na wenzake wanamcheka, na kuchekwa kunauma, sitakudanganya. Lakini wapo wanawake wa Kikurya wengi leo ambao hawakukeketwa, wameolewa, wana watoto, ni walimu, ni manesi, na hakuna aliyewafuta Ukurya. Kisu chenyewe kinaleta kutoka damu nyingi, hata kufa. Kinaleta vidonda na maambukizo, makovu yanayofanya tendo la ndoa liume, na shida wakati wa kujifungua. Tena Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imelifanya kumkeketa msichana chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake kinaanzia miaka mitano.

Usisubiri shule ifungwe. Mwambie sasa mwalimu unayemwamini, au afisa ustawi wa jamii, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Simu ya watoto ni 116, haikatwi hela. Mugumu ipo nyumba salama, na upande wa Tarime kipo kituo cha Masanga. Wanapokea wasichana wanaokimbia kisu. Na kama yupo mjomba mmoja au babu mwenye huruma, anza naye, kwa sababu binti anayetetewa na mtu wa nyumbani anarudi nyumbani kwa urahisi zaidi.

"MZUNGU, NIPE HELA"

Machotara niliozungumza nao wanasema kinachowachosha siyo tusi kubwa. Ni vitu vidogo vya kila siku. Mwalimu anakuuliza mbona Kiingereza chako kibovu na wewe ni Mzungu. Unashindwa mchango wa chakula, hakuna anayeamini. Sokoni bei inapanda ukitokea. Ukikaa kimya unajidai, ukichangamka unaringa.

Wasichana wana la ziada. Wanaume wazima wanawaandama kwa sababu ya rangi, wanawaita "warembo" wangali darasa la saba. Mwanamume anayekutaka kwa sababu ya ngozi hakutaki wewe, anataka kuonekana nawe. Mwanafunzi ana haki ya kukataa lifti, soda na simu.

Upande wa pili wapo wanaotaka wawe weupe kama chotara, wanajipaka mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania. Zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Na wapo machotara wanaokaa juani makusudi ili weusike. Nywele ndiyo tusizungumze, bahati nzuri au mbaya shule nyingi za serikali zinatunyoa wote sawa.

ALIYEONDOKA

Swali la "mimi ni nani" mara nyingi limebeba swali jingine ndani: yuko wapi baba? Barack Obama alilibeba. Baba yake, Mjaluo wa Kogelo, ng'ambo ya mpaka, aliondoka yeye akiwa mdogo sana, wakaonana tena mara moja tu akiwa na miaka kumi. Baba akafa. Mtoto alifika Kogelo akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1980, akakuta bibi, kaburi na ndugu tele.

Wapenda mpira wanamjua Yussuf Poulsen wa Denmark. Mama yake ni Mdenmark, baba yake alikuwa Mtanzania wa Tanga, akafa kwa saratani mtoto ana miaka sita. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 Poulsen alifunga bao pekee dhidi ya Peru, na mgongoni kwake hapakuandikwa Poulsen. Paliandikwa Yurary, jina la baba yake. Bado alikuwa anaichezea Denmark, na hakuna aliyemwambia achague mgongo mmoja.

Siyo kila mtu atampata aliyeondoka, na wengine wakimpata wanajuta. Muulize mama, taratibu, siku ametulia. Akikataa, jaribu tena mwakani. Ukiona hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, hapo usikae na siri; nenda kituo cha afya au piga ile 116.

Kuhusu karatasi: ukizaliwa Tanzania na mzazi wako mmoja ni raia, wewe ni raia, hata kama baba hajulikani alipo. Cheti cha kuzaliwa kinatolewa na RITA, na kwa wilaya unaanzia ofisi ya Katibu Tawala. Kama una uraia wa nchi nyingine pia, Sheria ya Uraia ya 1995 inakutaka uchague ukifikisha miaka 18. Kwa hiyo kidato cha tatu ndiyo wakati wa kuanza kuulizia, siyo siku ya kujaza fomu za chuo.