Kisiki cha uani kinataka subira, si moto

Mtoto wetu wa pili alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumehamia kwenye kiwanja chetu pembezoni mwa mji wa Mpanda, nyumba haijapigwa plasta, na katikati ya uwanja kuna kisiki cha mtundu kilichoachwa na waliosafisha eneo. Kila jioni lazima mtu ajikwae. Baba yao akaona dawa ni moto. Jumamosi asubuhi akarundika kuni na pumba za mpunga juu ya kisiki, akawasha. Jumapili jioni palikuwa pamebaki majivu meupe tu, tukajipongeza.

Jumanne mtoto akakimbilia mpira, mguu ukazama kwenye yale majivu hadi kwenye kifundo. Chini yake kulikuwa na makaa. Siku ya nne mizizi ilikuwa bado inaungua kimyakimya ardhini, na juu hapakuwa na moshi wala dalili yoyote.

Leo anakwenda shule na mpira anacheza, ila kovu analo. Simlaumu baba yao, kwani kuni za kuongezea nilizibeba mimi. Naandika kwa sababu nyumba nyingi zinajengwa Mpanda tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, viwanja vinachongwa kutoka porini, na karibu kila ua mpya una kisiki chake.

Kwa nini hakifi

Kukata mti si kuuua. Majani ndiyo jiko la mti, na sehemu ya chakula kinachopikwa huko huwekwa akiba kwenye mizizi. Shina likiondoka, mizizi hutumia akiba hiyo kusukuma machipukizi mapya. Mtundu, mninga na miti mingi ya miombo ina tabia hii, ndiyo maana pori la huku hurudi hata baada ya moto na shoka. Mijohoro na mikaratusi tunayopanda wenyewe nayo huchipua. Mwarobaini unaweza kuchipua hata kwenye mizizi iliyo mbali na shina.

Ugumu huu uliwashinda hata wenye mashine. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947 huko Kongwa, Nachingwea na Urambo kwa jirani zetu wa Tabora, walileta matrekta makubwa kung'oa pori. Visiki na mizizi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyovunja mashine na kula muda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kwa hiyo mzazi mwenye shoka moja asione aibu kupanga kazi ya msimu mzima.

Kung'oa kwa mikono

Kama mti bado umesimama, usiukate chini kabisa. Acha shina lenye urefu wa kifua cha mtu mzima, kwa sababu ndilo litakalokuwa mtaimbo wako. Kama ni mti wa asili wenye thamani, mfano mninga, pita kwanza kwa ofisa misitu uulize kuhusu kibali.

Subiri mvua zilainishe udongo. Huku kwetu huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Aprili. Chimba kuzunguka shina kwa sululu na jembe, futa udongo kwenye mizizi, kisha ikate mmoja mmoja kwa shoka. Mizizi ya pembeni ikishakatika, funga kamba juu ya shina na kulivuta huku na huku mpaka mzizi mkuu uonekane, nao ukatwe. Watoto wakae mbali na upande linakovutwa. Siku hiyohiyo fukia shimo na kulishindilia, maana likilala wazi usiku wa mvua ni hatari kwa mtoto mdogo. Kisiki kilicho karibu na msingi wa nyumba aje fundi akitazame kabla hujachimba.

Kukinyima chakula

Njia hii haina gharama. Kata kisiki kiwe chini kadiri uwezavyo, bandua gome lake lote hadi chini kidogo ya usawa wa ardhi, kisha kifunike kwa udongo au nailoni nyeusi. Baada ya hapo kazi ni moja: kila chipukizi likitoka, livunje kabla halijakomaza majani. Kila likivunjwa, mizizi imetumia akiba bila kupata chochote. Ukiliacha limee miezi miwili, umeirudishia akiba hiyo. Kisiki kikubwa huweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja. Mpe mtoto mkubwa zamu ya kukikagua kila Jumamosi.

Kikishakufa, toboa matundu juu yake, jaza samadi au mbolea ya urea na kukiweka na unyevu ili kioze upesi. Mchwa nao watasaidia, lakini mchwa hawana mpaka. Kama kisiki kiko jirani na ukuta, king'oe badala ya kuwakaribisha walale hapo, maana baada ya kisiki watatafuta fremu za milango na mbao za paa.

Ukilazimika kutumia dawa

Maduka ya pembejeo huuza viuagugu vyenye glaifosati. Kwenye kisiki hupakwa kwa brashi mara tu baada ya kukata, hasa kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya gome na ubao, kwa sababu hapo ndipo dawa hupita kwenda kwenye mizizi. Kidonda cha mti kikikauka, umepoteza dawa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hivyo vaa glovu, fuata maelezo ya kibandiko, usipake mvua ikitishia wala karibu na kisima. Kamwe usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenye kibandiko.

Achana na oili chafu, kwani huchafua udongo na inaweza kufika kwenye maji mnayokunywa. Chumvi nyingi itaua kisiki pamoja na mchicha wako wa baadaye. Petroli hulipuka usoni mwa anayewasha, na tairi linaloungua hutoa moshi wenye sumu.

Kama moto umeshawashwa

Zungushia uzio eneo lote, si juu ya kisiki tu, kwa kuwa moto hufuata mizizi. Mwaga maji mengi, chokoa kwa mti mrefu, mwaga tena, rudia kesho yake. Mpaka udongo uwe baridi kila mahali, mtoto asipite hapo.

Akiungua, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, yasiwe ya barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Sisi tulipaka dawa ya meno, na daktari alilazimika kuisafisha kwanza huku mtoto akilia.

Kisiki tulichokiacha

Ua wetu ulikuwa na kisiki cha pili, cha mninga, kwenye kona ya uzio. Hicho hatukukiua. Dodoma kuna wakulima wanaoitumia njia iitwayo Kisiki Hai: wanachagua machipukizi machache yenye afya, wanapogoa mengine, na mizizi ya zamani inalea mti mpya haraka kuliko mche wa kupandwa. Nasi tukabakiza chipukizi moja lililonyooka. Sasa limempita urefu baba yao, na saa nane mchana watoto wanagombania kivuli chake.

Kabla hujachukua kiberiti, zunguka ua wako kwanza uone ni kisiki kipi kiko njiani kweli na kipi kinaweza kuwapa wanao kivuli.