Mosel, mahali jua linasakwa

Nilikulia Hombolo, Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na jua ni kitu cha kukimbia. Tulikuwa tukiingia shambani alfajiri, na ikifika saa tano kila mtu yuko chini ya mti. Kwa hiyo Agosti 2019, niliposhuka basi Wehlen, kijiji cha kando ya mto Mosel magharibi mwa Ujerumani, nilicheka nilipoona saa kubwa ya jua kwenye mwamba katikati ya mizabibu. Ilijengwa mwaka 1842 ili wafanyakazi wajue muda, na shamba likachukua jina lake: Wehlener Sonnenuhr, Saa ya Jua ya Wehlen. Ndilo jina linaloandikwa kwenye chupa hadi leo.

Kicheko kiliisha Oktoba niliporudi kuvuna. Saa tatu asubuhi bonde lilikuwa limejaa ukungu, mkasi siuhisi mkononi. Hapo nikaelewa kwa nini watu wa huku wamelijengea jua mnara.

Mosel huanzia milima ya Vosges, Ufaransa, hugusa mpaka wa Luxembourg, hupita Trier, kisha hujipindapinda hadi Koblenz unakoingia Rhine. Hayo mapindo ndiyo mtaji. Kila pindo lina ubavu unaotazama kusini, na huo umepandwa mizabibu toka barabarani hadi kileleni. Ng'ambo yake, upande usiopata jua, mara nyingi ni msitu tu. Karibu na kijiji cha Bremm kuna mteremko uitwao Calmont unaofika nyuzi 65. Hapo hupandi kwa miguu peke yake, mikono nayo inafanya kazi.

Chini hakuna udongo wa kuonekana. Kuna vipande vya jiwe bapa, jeusi au la buluu, la jamii ile ile iliyochongewa vibao vya kuandikia shuleni enzi za babu zetu. Mchana linafyonza joto, usiku linalitoa taratibu. Jioni moja niliokota kipande jua likiwa limeshazama, kikawa bado na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahaulika. Zamani mvua ikiyaporomosha mawe hayo, wakulima waliyabeba mgongoni kuyarudisha juu. Niliposikia hivyo niliacha kulalamikia tenga langu.

Maana nililalamika, tena sana. Mteremko kama ule trekta la kawaida haliuwezi, kwa hiyo shughuli nyingi ni za mikono; mashamba mengine yana kigari kinachopanda kwenye reli moja. Wavunaji wengi ni Wapoland na Waromania. Siku ya pili niliteleza, ndoo ikanitoka, nusu ya zabibu zikabingirika kuelekea mtoni. Mzee mwenye shamba hakusema neno. Alininyooshea ndoo nyingine.

Aina inayotawala huku ni Riesling, zabibu nyeupe inayochelewa kuiva. Mvinyo wenyewe ni wa kale kuliko zabibu hiyo. Warumi walikamua hapa, na kule Piesport kiwanda chao cha kukamulia kilifukuliwa miaka ya 1980. Riesling ilipata nguvu mwaka 1787, pale Clemens Wenzeslaus, askofu mkuu na mtawala wa Trier, alipoamuru mizabibu duni ing'olewe na kupandwa iliyo bora.

Ladha yake? Fikiria juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari na mtu mwenye kipimo: ukali unakuja kwanza, utamu unaufuata, hakuna unaomshinda mwenziwe. Baridi ya bonde ndiyo inayoulinda ule ukali wakati zabibu inaiva polepole. Mkulima akizuia uchachukaji usimalize sukari yote, mvinyo hubaki mtamu kiasi na kilevi chake kidogo, asilimia 8 au 9 hivi. Ukizeeka chupani hupata harufu ya mafuta ya taa, na wenyewe wanaisifia. Mimi bado inanishinda.

Maneno ya kwenye lebo huwatisha wageni bure. Kabinett, Spätlese na Auslese ni ngazi za sukari iliyokuwemo kwenye zabibu siku ya kuvunwa, si sukari iliyobaki kwenye glasi. Juu zaidi ya hizo kuna Eiswein: zabibu huachwa kwenye mti hadi zigande kwa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, kisha hukamuliwa zikiwa barafu. Maji hubaki barafu, asali inadondoka.

Mzee alibakiza mistari miwili kwa ajili hiyo, akaifunika wavu. Lakini mwaka ule ulikuwa wa ajabu. Julai joto lilipita nyuzi 40 Ujerumani, zabibu zikaungua vichalani. Majani ambayo baba yake aliyapunguza ili jua liingie, yeye sasa anayaacha yawe kivuli, kama tufanyavyo Hombolo. Desemba na Januari alikuwa akiamka usiku kutazama kipimajoto. Baridi ile haikuja kwake, wala kwa mkulima yeyote nchini.

Mwishoni mwa Februari aliniita tukatoe wavu. Vichala vilikuwa vimesinyaa, vingine vimeota ukungu wa kijivu. Tulivikata kimyakimya, tukavimwaga juu ya mawe, chini ya mashina. Jua lilikuwa linawaka, nami nilikuwa nimevua koti.