Tenisi ya Kusimama: Nani Atawapa Uwanja wa Dzaleka?

Ukisikia tenisi ya walemavu bila shaka unafikiria kiti cha magurudumu. Mchezo huo ulianzia Marekani mwaka 1976, ukaanza kutolewa medali kamili katika Olimpiki ya Walemavu, Barcelona, mwaka 1992. Lakini Olimpiki hiyo haijaingiza tenisi ya kusimama. Mwenzetu aliyekatwa mkono na mashine hana nafasi humo. Mwenye mguu wa bandia naye hana budi kukaa kwenye kiti ambacho pengine hakihitaji.

Wanaocheza kwa kusimama hupangwa kwa madaraja kufuatana na ulemavu wao, na baadhi yao huruhusiwa kuacha mpira udunde mara mbili. Wenye mkono mmoja walikwisha onyesha njia zamani. Hans Redl wa Austria alipoteza mkono wa kushoto vitani, na bado mwaka 1947 alifika raundi ya nne Wimbledon, akipambana na wenye mikono miwili. Kuanzisha mpira kwa mkono mmoja ni kazi: huna wa kuurushia. Basi mpira huwekwa juu ya raketi, ukarushwa kwa raketi hiyo hiyo, kisha ukapigwa. Sheria za tenisi zinakubali.

Tunalitaja hili kwa sababu ya ndugu zetu wa Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili chetu kinasikika humo kila siku. Vita havikuwaacha wote na viungo kamili.

Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Sasa wamezidi 50,000, hasa baada ya amri ya serikali ya Machi 2023 kuwataka wakimbizi waliokuwa mijini na vijijini warudi huko. Uwanja wa tenisi unataka mita 24 kwa 11, na nafasi ya kukimbilia pande zote. Kwa aliye na mguu wa bandia, ardhi lazima iwe sawa, maana shimo dogo tu humwangusha. Katika msongamano ule, nani atatenga kiwanja hicho?

Wengine watasema waende Lilongwe. Kwa ruhusa ya nani? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya kazi za ujira na juu ya mkimbizi kwenda atakako. Fundi seremala haruhusiwi kuufuata mji kutafuta kibarua; sembuse mchezaji mwenye raketi mkononi!

Wavu si shida, kamba yatosha, sentimita 91 katikati. Raketi kuukuu na mipira iliyochakaa imejaa katika makabati ya vilabu vya mjini. Matawi yetu yaliyo karibu na Lilongwe yanaweza kuikusanya, na wakati huo huo yakaomba kwa maandishi kipande cha ardhi kambini, pamoja na vibali vya siku moja kwa wachezaji.