Kabla ya kuikabili milima ya Asumbi

Mpanda baiskeli wa Mombasa amezoea barabara tambarare na upepo wa bahari. Akiitaka safari ya Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, ajue kwamba hata ufuko wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisii, mji jirani, ni karibu mita 1,700. Huko unashuka bondeni, mara unapanda tena.

Wengi hudhani mlima hupandwa kwa nguvu. La, hupandwa kwa pumzi. Anayeuanza kwa kasi huishiwa katikati, na miguu iliyochoshwa leo haifai kesho. Tia gia nyepesi kabla ya mwinuko, usingoje mnyororo ukaze. Kaa kitini, zungusha pedali kwa wepesi. Ukiweza kuzungumza na mwenzio, mwendo ni huo.

Mazoezi yapo kwetu. Toka Kombani upande hadi Kwale mjini. Wiki ya kwanza panda mara moja, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukizoea, beba mzigo ule ule wa safari. Baada ya siku ya mlima pumzika, maana misuli hujijenga ikipumzika.

Mteremko nao una hatari zake. Kagua breki mapema. Ukishuka, zibane na kuziachia, kwani kuzishikilia mfululizo huzipasha moto.

Na mlima ukikushinda, shuka uikokote baiskeli. Si aibu, ndugu msomaji. Ulichokusudia ni kufika.