Kapata Inahitaji Wanasaikolojia Wake

Sheria ya Madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni iliyouza shaba na kobalti za dola bilioni 1 inadaiwa dola milioni 3. Fedha hizo zikitajwa, watu hufikiria visima, madarasa na zahanati, na mahitaji hayo ni ya kweli. Ombi langu ni kwamba fungu dogo liwasomeshe vijana wa Kapata na mitaa mingine ya mji wa madini wa Kolwezi hadi uzamili na udaktari wa saikolojia ya tiba, kwa sharti la kurudi kuhudumia walikokulia.

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha 40,000. Iliyoporomoka si mishahara tu, kwa kuwa nyumba, shule, hospitali na hata unga wa mwezi vilitoka mkono huohuo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi wao wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizi mwaka 2001, na katika jina la kitabu hicho aliwaita watoto wa Shaba, yaani Katanga, walioachwa na baba yao.

Mzee aliyekuwa akilisha nyumba nzima, kisha akalishwa na mkewe anayeosha mawe ya madini na mwanawe anayeshuka shimoni, hupata jeraha lisiloonekana kwenye picha ya eksrei. Hukosa usingizi, hukasirika kwa jambo dogo, hunywa, au hukaa kimya siku nzima. Kwa kijana sababu ni nyingine. Shimo humwangukia mwenzake, naye kesho yake hulazimika kushuka tena, kwa hiyo mwili wake haupati nafasi ya kujua kwamba hatari imepita. Juni 2019 makumi ya wachimbaji walifukiwa karibu na Kolwezi kwa siku moja. Ongeza familia zilizohamishwa kupisha migodi, jambo ambalo Amnesty International ililieleza kwa kirefu Septemba 2023.

Wagonjwa hawa huishia kwenye vyumba vya maombi au kwa waganga. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Dr Joseph Guislain iko Lubumbashi, kama kilomita 300 kutoka Kolwezi, na si kila huzuni inahitaji hospitali. Harare, Zimbabwe, wameonyesha njia. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kuketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa hivyo zilipungua kuliko za waliopewa huduma ya kawaida. Lakini bibi hao wana mtaalamu nyuma yao, anayewafunza, anayepokea kesi nzito na kupima matokeo. Mtaalamu huyo ndiye Kapata haina, na ndiye bursi ninayoiomba inapaswa kumzaa. Marekani husomesha vijana wa makabila ya asili saikolojia kwa mpango wa namna hii, nao hulipa kwa miaka ya kazi katika jamii hizo.

Hapa nasisitiza jambo moja. Bursi hii isiandikwe kwa kabila. Mwaka 1993 hapa Kolwezi watu wenye asili ya Kasai, wengi waliozaliwa hapa, walifukuzwa majumbani kwa madai kwamba si wenyeji, wakasongamana stesheni wakisubiri treni. Hilo nalo ni jeraha la akili ambalo mji huu haujalitibu. Kigezo kiwe makazi: amekulia mtaa huu, amesoma hapa, anazungumza Kiswahili chetu cha Katanga. Isipokuwa Wabatwa tu, jamii ya asili iliyopata sheria yake ya ulinzi tarehe 15 Julai 2022: hao watengewe nafasi kwa jina, kwa sababu wao wamenyimwa shule kwa vizazi.

Ninyi mnaoketi kwenye vikao vya kugawa ile asilimia 0.3, iwe mnawakilisha kampuni au jamii, ingizeni bursi hizi kwenye mpango ujao. Zitangazeni kwa Kiswahili, makanisani na sokoni, muda wa kuomba uwe mrefu, na mkataba wa kurudi uandikwe pamoja na mshahara wa kumpokea anayerudi. Bila mshahara huo atabaki Lubumbashi au atavuka mpaka, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.