Tusiwaite Watoto Majeuri Kabla ya Kuwapima

Haupiti muhula bila mwanafunzi fulani kutimuliwa shuleni, mkononi ana barua isemayo kwamba ni mtovu wa nidhamu aliyeshindikana. Waama, watukutu wapo. Lakini ni nani aliyempima mtoto huyo, na kwa kipimo gani?

Niliwahi kufundisha darasa la tano lililokuwa na mvulana ambaye akiitwa haitiki, akiamrishwa aketi husimama tu, na wenzake wakimcheka huwarukia kwa ngumi. Katika chumba cha walimu sote tulikubaliana kwamba ni jeuri. Nakiri kwa aibu kuwa mimi ndimi niliyetangulia kulitamka neno hilo. Mihula miwili ilipita kabla ya mamake kumpeleka hospitali, ambako daktari alikuta usaha umetoboa viwambo vya masikio yote mawili. Mtoto alikuwa hasikii!

Wataalamu wa maradhi ya akili hawana pupa kama yetu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto hahesabiwi kuwa na ugonjwa wa mwenendo kwa ajili ya kosa moja au ugomvi wa juma moja. Sharti pawe na mazoea ya kuwadhulumu wengine, kuharibu mali, kuiba au kudanganya, yaliyodumu kwa muda wa kutosha, aghalabu mwaka mzima au zaidi. Nao ugonjwa wa kutotulia na kutomakinika sharti udhihirike zaidi ya mahali pamoja. Mtoto atuliaye nyumbani na kuvuruga darasani, huenda kasoro imo darasani. (Hilo walimu hatupendi kulisikia.) Aidha, daktari huuliza kwanza kama mtoto anasikia, anaona na kulala vyema, kama nyumbani kuna msiba au kipigo, kama kijana ameanza kutumia dawa za kulevya. Hata huzuni nzito, kwa vijana, mara nyingi hujitokeza kwa sura ya hasira.

Mwalimu si daktari, lakini anaweza kuandika daftarini tarehe, saa, jambo lililotangulia kituko na lililofuata. Kurasa chache za namna hiyo zingemfaa daktari kuliko ile barua ya kumfukuza mtoto.

Yule mvulana alitibiwa, akaketishwa mstari wa mbele, na ngumi zikapungua. Masomo ya mihula ile miwili hakuna aliyemrudishia.